Mchawi wa Raundi Tatu

Anayeanza kuongoza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao mwongoza mchezo husimulia kisa na wachezaji huigiza wahusika wao kwa kurusha dadu, hasumbuliwi na joka. Joka lina kucha, lina meno, lina pumzi ya moto, na kila silaha imeandikwa palepale kwenye wasifu wake pamoja na dadu za kurusha. Anayemsumbua ni mchawi. Ni mtu mmoja tu mwenye joho na fimbo, lakini zamu yake ikifika meza nzima inanyamaza, mwongoza mchezo anapekua kitabu, wachezaji wanashika simu zao, na pambano lililokuwa limeanza kunoga linapoa.

Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikiwasaidia watu wanaokalia kiti hicho kwa mara ya kwanza. Wengi wao ni vijana wa hapa Dar es Salaam waliojifunza mchezo kwa kuucheza, kisha kundi likawaambia, "Haya, sasa tuongoze wewe." Nilichojifunza kwao nakiamini kwa moyo wote: mchawi wa upande wa mwongoza mchezo anaishi raundi tatu, yaani mizunguko mitatu ya zamu za wote walio kwenye pambano, nne akibahatika. Mwandae kwa raundi tatu. Mengine yote yaliyoandikwa kwenye wasifu wake yaache kitabuni.

Nieleze kwanza tatizo lenyewe, maana wageni wengi hudhani tatizo ni akili zao. Chukua Monster Manual ya 2014, kitabu cha viumbe wa mchezo huu. Jitu liitwalo Ogre limeandikiwa kwamba likipiga kwa rungu unaongeza 6 kwenye dadu, na pigo likipata linatoa madhara 13. Umemaliza, unaweza kuliongoza usiku kucha. Sasa fungua ukurasa wa Mage, mchawi wa kiwango cha ugumu 6. Huyu ana aina 16 za uchawi, kuanzia ule mdogo anaoweza kuutumia bila kikomo hadi Cone of Cold ya daraja la tano. Ana nafasi 14 za kuutumia, nazo zimegawanywa kwa madaraja: nne, tatu, tatu, tatu, moja. Na wasifu wake unakupa majina matupu. Ukitaka kujua Ice Storm inafika umbali gani na wachezaji wanarusha dadu gani kujinusuru, lazima ufungue kitabu kingine, Player's Handbook, ambako uchawi umepangwa kwa alfabeti. Mtu huyo mwenye silaha 16 ana pointi 40 za uhai. Ogre ana 59.

Imekuwa hivyo kwa sababu wachawi wa kitabu kile waliandikwa kwa mtindo uleule wa mhusika wa mchezaji. Mchezaji hilo halimpi shida. Ana mchawi mmoja, anakaa naye miezi, kila akipanda daraja anaongeza uchawi kidogo, na baada ya muda anaujua wote kwa moyo. Mwongoza mchezo anakabidhiwa mchawi aliyekwisha komaa, wa daraja la tisa (hilo ni daraja la mhusika, si la uchawi), amwendeshe kwa nusu saa, tena pembeni yake kuna walinzi na mbwa wao ambao nao wanangoja zamu. Kumtaka achague kitu cha maana kati ya mambo 16 hapohapo mezani ni sawa na kumtaka mpishi aanze kumenya vitunguu wakati mafuta yameshachemka.

Mdogo wangu wa kike alipopokea kundi letu, alikaa sebuleni na kitabu mapajani, akafika ukurasa ule akaniita.

"Kaka, huyu ana mambo kumi na sita. Nianze na lipi?"

"Anataka nini?"

"Nani?"

"Mchawi wako. Usiku huo wakimkuta, anataka nini?"

Akafikiri. Katika kisa chake, mchawi alikuwa amejifungia juu ya mnara wa taa ufukweni akinakili ramani ya wizi, na meli ya kumchukua ingefika alfajiri. "Anataka muda," akasema. "Wasimfikie mpaka meli ije."

Swali hilo ndilo ninaloanza nalo siku zote, na sijaona linaloshinda hilo. Mara tu alipojua mchawi anataka muda, orodha ikaanza kujikata yenyewe. Light, Mage Hand, Prestidigitation na Detect Magic zikatoka kwanza, maana hizo ni za maisha ya kila siku, kwenye pambano hazina kazi kubwa. Suggestion ikatoka kwa sababu inafaa pale watu wanapozungumza, na hawa wangepanda ngazi na panga mkononi. Fly na Greater Invisibility zikatoka kwa kuwa zote mbili zinadai umakini, yaani mchawi lazima aushikilie uchawi huo akilini na akiumizwa unaweza kukatika, nami humshauri anayeanza asimbebeshe mchawi wake wa kwanza mzigo huo. Tulibishana kidogo juu ya Greater Invisibility. Aliipenda, na ni kweli ni nzuri, lakini inakula kitendo kizima cha raundi ya kwanza. Mtu mwenye raundi tatu za kuishi akitumia ya kwanza kujificha, amebakiwa na mbili.

Tulichochagua katika kilichobaki kiliingia kwenye nusu karatasi ya manila, kwa mwandiko wake, kwa Kiswahili:

Kinga 15 (Mage Armor tayari). Uhai 40. Kujinusuru 14.
Raundi 1: Fireball. Hadi futi 150, inaenea futi 20 kila upande. Wepesi. Moto 28, akijinusuru 14.
Raundi 2: Ice Storm kwenye ngazi. Inaenea futi 20. Wepesi. 23, akijinusuru 11. Ardhi inakuwa ngumu kupita, mwendo nusu, mpaka mwisho wa zamu yake ijayo.
Raundi 3: Misty Step (anahama ghafla) futi 30, kisha Fire Bolt, +6, futi 120, moto 11.
Akipigwa: Shield, kinga 20 mpaka zamu yake. □ □ □
Uhai ukishuka hadi 15: Misty Step, halafu mbio.

Kinga ni namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate, kujinusuru ni namba ambayo mchezaji lazima aifikie kwa dadu ili aukwepe uchawi, na Wepesi ni sifa ya mhusika anayoitumia hapo. Tazama yale masanduku matatu. Kitabu kinampa nafasi nne za daraja la kwanza, lakini moja imekwisha kwenye Mage Armor, ambayo hudumu saa nane na ambayo mchawi anayesubiri wageni wabaya hawezi kukosa kuivaa. Kwa hiyo Shield tatu, unakata sanduku moja moja kwa kalamu. Nafasi nyingine zote hatukuziandika kabisa, kwa sababu hana uhai wa kuzimaliza. Kuhesabu nafasi ni shughuli ya mchezaji anayebana matumizi mpaka apumzike. Mchawi wako anafia hapo juu mnarani au anatoroka, na kwa vyovyote nafasi za daraja la nne zilizobaki hazitamfaa mtu.

Jambo la pili kwenye kadi ile ni namba za madhara. Kitabu kimekupigia hesabu ya wastani kwa rungu la Ogre, lakini kwa uchawi hakikukupigia, na hapo ndipo dakika nyingi za mezani zinapopotelea. Zipige nyumbani: dadu ya pande sita wastani wake ni 3.5, ya pande nane 4.5, ya pande kumi 5.5. Fireball ni dadu nane za pande sita, basi 28. Ice Storm ni mbili za pande nane na nne za pande sita, basi 23. Mdogo wangu alitaka kuzirusha zile nane za Fireball kwa mkono wake, nikamwambia arushe. Sauti ya dadu nane mezani wachezaji wanaikumbuka, na ni haki yao kuisikia mara moja kwa pambano. Nyingine zote tumia wastani.

Siku ya mchezo wachezaji wetu walikuwa daraja la tano. Moto uliwapata wote wawili waliotangulia kwenye ngazi. Raundi ya pili mvua ya mawe ikashuka juu yao, ngazi zikafunikwa na barafu, mpiganaji akawa anapanda nusu ya mwendo wake. Mpiga upinde akapata 17, akashangilia, na mdogo wangu akakata sanduku la kwanza bila hata kuinama: "Mshale unagonga kitu kama kioo hewani, unaanguka." Hakugusa kitabu hata mara moja. Na kwa kuwa akili yake ilikuwa huru, alianza kufanya yale ambayo hakuna kitabu kinachoweza kukufanyia. Kila zamu ya mchawi alisema kwamba, kabla ya kuinua mkono, anageuza shingo kutazama baharini. Raundi ya tatu mchezaji mmoja akauliza, "Kwani anaangalia nini huko?" Halafu, badala ya kumvamia mchawi, akaikimbilia ile taa kubwa na kuifunika kwa joho lake ili meli isiuone mnara.

Hakuna aliyepanga hilo. Lilitokea kwa sababu mwongoza mchezo alikuwa anawatazama wachezaji wake usoni.

Tahadhari moja kwa wenye makundi machanga: kadi ile msiipeleke kwa wachezaji wa daraja la pili au la tatu. Madhara 28 yanamlaza chini mchawi wa daraja la tatu, hata mwenye afya njema, kabla hajapata zamu. Kwa hao anzeni na Cult Fanatic au Priest, wote wa kiwango cha ugumu 2.

Nimtaje Priest kwa kirefu kidogo, maana anafundisha kitu ambacho Mage hafundishi. Silaha zake mbili kali ni Spirit Guardians, roho zinazomzunguka na kuumiza kila adui aliye ndani ya futi 15, na Spiritual Weapon, silaha ya mwanga inayopigana yenyewe. Anayeanza huziona zote mbili akataka kuzitoa raundi ya kwanza, moja kwa kitendo na nyingine kwa kitendo cha ziada. Kanuni za 2014 zinakataa. Ukishatumia uchawi kwa kitendo cha ziada, uchawi mwingine wa zamu hiyo lazima uwe ule mdogo usiotumia nafasi. Nimeona ubishi wa kanuni hiyo ukila robo saa ya kikao. Kwenye kadi haupo, kwa sababu mpangilio wenyewe umeshaumaliza. Raundi ya kwanza Spirit Guardians: Busara, kujinusuru 13, madhara 13 au 6, mwendo wa maadui nusu. Raundi ya pili Spiritual Weapon, +5, madhara 7, pamoja na Sacred Flame ambayo ni uchawi mdogo: Wepesi, 9 au patupu. Raundi ya tatu silaha inasogea na kupiga, yeye anasonga mbele na roho zake. Mwongoza mchezo hana haja ya kuikumbuka kanuni. Aliyeandaa kadi ndiye aliyeikumbuka, na alikuwa na chai mkononi na muda wa kutosha. Wenye vitabu vya 2024 waangalie tena hapo, kwa sababu Spiritual Weapon sasa nayo inadai umakini, na uchawi wa namna hiyo hauwezi kushikiliwa miwili kwa pamoja.

Kuhusu umakini, nina kizibo cha soda. Uchawi unaodai umakini ukianza, kizibo kinakaa juu ya jina lake kwenye kadi. Kiumbe akiumizwa, macho yako yanakutana na kizibo kabla hujaenda kwa mchezaji mwingine, unarusha dadu: 10, au nusu ya madhara aliyopata, ipi kubwa. Priest anaongeza 1 tu, kwa hiyo pigo la kawaida lina nafasi 4 kati ya 10 za kuziondoa zile roho. Waambie wachezaji wako. Sema wazi kwamba anaonekana kuzishika roho hizo kwa shida, jasho linamtoka. Wakijua kuna kitu cha kukata, wanacheza kwa hamu zaidi kuliko wakiambiwa baadaye kwamba zimetoweka.

Sasa Counterspell. Mage anayo, nami kwenye kadi ya anayeanza siiweki. Kwa kanuni za 2014 inazima moja kwa moja uchawi wa daraja la tatu kushuka chini, na wa juu zaidi unahitaji kurusha dadu. Maana yake mwongoza mchezo lazima ajue uchawi wa mchezaji ni wa daraja gani, aamue haraka kabla haujatokea, tena akumbuke kwamba akiitumia hana Shield mpaka zamu yake ijayo, kwa kuwa kila kiumbe ana jibu moja la ghafla kwa raundi. Huo ni mzigo mkubwa kwa mkono mchanga. Lakini sababu yangu kubwa ni mchezaji. Amengoja zamu yake dakika kumi, amechagua uchawi wake mzuri, na anaambiwa haukutokea kitu. Anayeongoza kwa uzoefu anajua lini pigo hilo linanogesha kisa. Anayeanza bado hajajua, na Shield inatosha kabisa kumfanya mchawi aonekane mjanja. Kanuni za 2024 zimelainisha kidogo: anayezuiwa anarusha dadu ya kujinusuru, na akishindwa, nafasi yake haipotei.

Wachapishaji wenyewe wamekuja kuelekea huku. Katika kitabu cha viumbe kiitwacho Monsters of the Multiverse, cha 2022, nafasi za wachawi ziliondolewa, kukawa na uchawi wa wakati wowote na wa mara moja au mbili kwa siku, na wachawi wakapewa shambulio lao la kawaida lenye namba zake palepale. Mage wa Monster Manual mpya, iliyotoka 2025, ana pointi 81 za uhai, anapiga Arcane Burst mara tatu kwa zamu, na Shield na Counterspell zimewekwa pamoja kama jibu lake la ghafla. Nimefurahi kuona hivyo. Mtu anaweza kumwongoza huyo siku ya kwanza.

Ila kuna kitu kimoja cha kuangalia. Arcane Burst si uchawi kwa mujibu wa kanuni, ni shambulio tu, kwa hiyo mchezaji aliyejifunza Counterspell hana la kuifanya. Mchezaji wetu mmoja aliungoja uchawi wa adui raundi baada ya raundi, na kila zamu ilikuwa Arcane Burst. Dawa yangu ni kwamba kwenye kadi kila kilicho uchawi halisi nakipigia mstari kwa wino mwekundu, na angalau raundi moja kati ya tatu lazima iwe nyekundu. Mchawi asipotoa hata uchawi mmoja, wachezaji wanahisi wamepigana na mpiga bunduki.

Kwa anayewaza gharama ya vitabu, Mage, Priest, Cult Fanatic na uchawi wote niliotaja wa 2014 umo kwenye hati ya kanuni iitwayo SRD 5.1, ambayo tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons. Inapakuliwa bure, na ukitaja chanzo unaruhusiwa kuitafsiri, kuichapa na kuigawa. Kadi zetu za Kiswahili zinazunguka kwa rafiki na rafiki bila hofu. Mwongoza mchezo anayesoma kwa Kiingereza huku akisimulia kwa Kiswahili anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kadi inamwondolea moja.

Mara kwa mara anayeanza hunijia akitaka Lich, mchawi mfu wa kiwango cha ugumu 21. Namwambia asubiri, na asipotaka kusubiri nakaa naye tuandike kadi. Lich ana zaidi ya aina 20 za uchawi, na juu ya hizo ana vitendo vya fahari anavyofanya kati ya zamu za wengine. Raundi tatu bado zinatosha: Cloudkill kuwatawanya wachezaji, Disintegrate yenye wastani wa 75 kwa mmoja wao, Finger of Death kwa mwingine. Vitendo vya fahari andika viwili tu, Ray of Frost kama uchawi mdogo na mguso wa kupoozesha. Power Word Kill inaua kiumbe yeyote mwenye pointi 100 za uhai au pungufu, bila dadu, bila kujinusuru. Hiyo iingie kwenye kadi kwa sharti moja: wachezaji wawe wameshaisikia vikao kadhaa nyuma, kwa mfano kwa mlinzi mzee anayesimulia jinsi nahodha wake alivyoanguka kwa neno moja, ili wakimwona Lich anafungua kinywa, kila mmoja awe ameshaamua atafanya nini.